Ubaldo Aliyelilia Deni

Nyie, kuna watu wakidaiwa wanabadilisha mpaka laini ya simu. Mi nataka niwasimulie mtu wa tofauti kabisa, mtu aliyekuwa analikimbiza deni, alafu deni lenyewe ndo likawa linamkwepa. Anaitwa Ubaldo. Anauza samaki hapa Sitalike, kando ya barabara, meza yake na meza ya mama yangu ya chai na chapati zimegusana kabisa. Kwa hiyo haya mengine niliyaona kwa macho, mengine nimeyasikia mwenyewe akimwambia mama huku anapaa magamba.

Ubaldo ni mtu wa Karema. Kazaliwa ziwani, kakulia ziwani, mpaka kuongea anaongea kwa sauti ya juu kama anamuita mtu aliye kwenye mtumbwi mwingine. Mrefu, mwembamba, ana pengo la mbele. Kila wiki alikuwa anapanda pikipiki yake mpaka Karema, analala kule, mitumbwi ikirudi asubuhi ananunua migebuka na dagaa, anafunga tenga nyuma, huyoo anarudi. Harufu ilikuwa inafika kabla yake. Wazungu wakisimama darajani kupiga picha viboko, yeye anawaitia, "Samaki! Samaki mtamu!" Hawajawahi kununua hata mmoja. Yeye wala, kesho yake anawaita tena.

Mke wake alikuwa dada Specioza. Nasema mke wake, ila subirini muone hilo neno lilivyoleta balaa.

Dada Specioza alitokea Ugalla, huko kwenye mapori ya nyuki. Baba yake, Mzee Kassiani, ana mizinga mingi porini. Ubaldo alimpata Mpanda mjini, dada yupo na baba yake wamekuja kuuza asali. Wakapendana, akaja naye hapa Sitalike, wakapata mtoto, Providence, sisi tunamuita Provi. Wameishi miaka nane. Anaamka anamkuta, analala anamkuta, akiumwa anamkanda. Kwa mtaa mzima yule ni mke wa Ubaldo, hakuna mjadala.

Tatizo ni mahari. Ubaldo alishapeleka kishika uchumba, akapeleka na mkaja wa mama mkwe. Mahari yenyewe ndo ikabaki. Kila mwaka alikuwa anasema mwaka huu namaliza. Mwaka mmoja bati zikaezuliwa na upepo, mwingine injini ya pikipiki ikafa, mwingine Provi akazaliwa. Na kanisani nako ndoa ikawa inasubiri hiyo hiyo mahari. Mzee Kassiani kila wakikutana alikuwa anamuuliza kwa upole, "Za Karema? Samaki wapo?" Anajibu, "Wapo mzee." Mzee anatingisha kichwa, "Aa, kumbe wapo." Anaishia hapo hapo. Ubaldo alikuwa anasema heri angetukanwa.

Mwaka jana dada Specioza akaanza kuvimba miguu. Mara uso. Ikaja kujulikana ni figo. Siku alipozidiwa Ubaldo alikuwa Karema, ziwa limechafuka, mitumbwi haijatoka, na simu huko network ni ya kubahatisha. Mama akampigia weee, hapatikani. Ikabidi ampigie Bi Kalista, mama yake Specioza, nao wakaja wakamchukua, wakampeleka hospitali Mpanda.

Ubaldo alipofika huko mbio mbio, na tenga la samaki bado liko nyuma, alimkuta Mzee Kassiani ameshalipia kitanda, vipimo, dawa za kwanza. Akatoa hela mfukoni.

"Baba, naomba nikurudishie, na kuanzia hapa nitaendelea mimi."

Mzee akaziangalia zile hela, hakuzigusa.

"Hela ya mahari ulikosa miaka nane. Hii ya hospitali umeipata wapi leo?"

"Baba, huyu ni mke wangu."

"Huyu ni binti yangu. Nimeanza mimi, acha nimalize mimi."

Kuanzia siku hiyo Ubaldo akawa mtu wa supu. Yaani anachoruhusiwa ni kuleta supu, sabuni, kanga safi. Akienda kulipa dirishani anakuta mzee ameshalipa. Mtu wa figo mnamjua, matibabu hayaishi, leo hiki kesho kile, mara wakaambiwa wampeleke hospitali kubwa nje ya mkoa akasafishwe damu. Mzee Kassiani hela ikaisha. Akaenda kwa Masunga.

Masunga ni mnunuzi wa asali pale Mpanda. Huyu anakupa hela leo, wewe unamlipa ndoo za asali msimu ukifika. Mzee akachukua hela ya msimu mzima, akarudi akachukua na ya msimu unaofuata. Asali ambayo nyuki hata maua yake hawajayaona! Ilienda yote kwenye matibabu. Na dada Specioza akafa.

Msiba ukawekwa Ugalla kwa wazazi wake. Mi na mama tulienda na gari la wanakijiji wa hapa. Ubaldo alitangulia na pikipiki, kabeba boksi la dagaa la kulisha waombolezaji.

Sasa hapa ndo palipoharibika, na nyie mtasema ni kitu kidogo.

Alipofika hakuna mtu aliyemwambia akae wapi. Ndani wapo akina mama kwenye mikeka na Bi Kalista. Nje kulia, kwenye mabenchi, wamekaa wanaume wa ukoo. Chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki, ndo wageni. Ubaldo kasimama na boksi lake, kijana mmoja akampokea boksi, akamvutia kiti cha plastiki. Akakaa. Kachoka, hajalala, macho mekundu. Kikapu cha rambirambi kikapita na yule wa kuandika majina. Watu wanatoa, anaandika. Kikafika kwa Ubaldo. Naye akaingiza mkono mfukoni, akatoa.

Mama alikuwa ameketi mlangoni, akaona. Nilisikia tu anasema, "Yesu wangu, Ubaldo, hapana."

Maana mfiwa hatoi rambirambi, nyie. Mfiwa anapewa. Ukitoa umeshasema mwenyewe kwamba wewe ni mgeni, umekuja kuwapa pole wenye msiba wao.

Muda wa matangazo ukafika, akasimama msemaji wa familia, baba mdogo Didace, anasoma majina kwa spika. Kwaya, asanteni. Jumuiya, asanteni. Akafika: "Ubaldo, muuza samaki, Sitalike. Elfu hamsini. Asante sana, jirani."

Jirani!

Nilimuangalia Ubaldo. Alikuwa kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Nafikiri ndo hapo akaelewa alichofanya. Makaburini ikawa hivyo hivyo, wazazi wakaweka udongo, akabebwa Provi akaweka, wakafuata ndugu, alafu spika ikasema, "Sasa majirani na marafiki." Ubaldo akaweka udongo pamoja na sisi. Mbele yake kuna mzee wa kwaya, nyuma yake kuna mimi. Alichukua udongo mkono mmoja, akautupa, mwingine ukabaki umemganda kidoleni, hakuufuta.

Alafu likaja lile tangazo la kila msiba. Baba mdogo Didace akasafisha koo.

"Kama kuna mtu alikuwa anamdai marehemu, au marehemu alikuwa anamdai, aje aonane na baba mzazi, Mzee Kassiani. Hasa kwa yale ya matibabu. Hilo limeisha."

"Halijaisha," Ubaldo akasema.

Watu wote wakageuka.

"Naomba mtaje jina langu. Anayemdai marehemu aje kwangu. Mimi ndo mume wake."

Baba mdogo akashusha spika, anamuangalia kaka yake. Mzee Kassiani akasogea taratibu mpaka pembeni ya kaburi.

"Wewe kijana, umetoa rambirambi hapa au hujatoa?"

"Nimetoa baba, nilichanganyikiwa..."

"Umetoa. Imeandikwa, na tumekushukuru. Tangu lini mume akampa pole mkwe wake kwenye kikapu?"

Kuna watu wakacheka, kile kicheko cha kuziba mdomo. Ubaldo akasema, "Basi nirudishieni ile hela."

Eeeh! Hapo ndo kelele zikaanza. Hela ya rambirambi irudishwe! Hata mama alifunika uso na kanga.

Mzee hakupandisha sauti hata kidogo. "Hudaiwi kitu hapa. Nenda kwa amani. Mtoto atabaki na bibi yake, maana kwetu mtoto hafuati mtu ambaye hakumaliza mahari kwao mama yake."

Basi. Provi akabaki Ugalla, Ubaldo akarudi Sitalike na pikipiki isiyo na mtu nyuma.

Sasa huku mtaani watu wakaona kapata bahati. Bodaboda walikuwa wanakuja mezani kwake, "Kaka, deni la mamilioni limekupita hivi hivi, we nunua soda!" Mwingine akamwambia, "Mzee kakusamehe kiboss, we unang'ang'ania nini, unaumwa?" Ubaldo alikuwa anakata samaki tu. Siku moja kisu kikateleza akajikata, akafunga kitambaa akaendelea. Na wale wazungu wa darajani hakuwaita tena.

Mi nikasema nimsaidie, nikaliuliza swali kwenye grupu moja la sheria huko kwenye simu, bila majina. Mmoja akajibu hadaiwi kwa sababu hawakufunga ndoa. Mwingine akasema wameishi miaka nane huyo ni mume kabisa, anadaiwa. Wakaanza kutukanana wao kwa wao mpaka admin akafunga. Nikamsomea Ubaldo.

Akaniuliza, "Huyo wa pili anakaa wapi?"

"Sijui, kaka. Picha yake ni ya gari."

"Muulize kama anaweza kuniandikia hiyo ya kwamba nadaiwa."

Nikajua huyu mtu hatanii.

Mama akamwambia, "Baba Provi, mahari kwanza. Peleka mahari, mengine yatafuata." Akajibu ameshapeleka ujumbe kwa mshenga, mzee kasema mahari ya mtu aliye kaburini yeye haipokei. Kwa hiyo mlango huo umefungwa. Mlango uliobaki ni deni. Alimwambia mama hivi, Shukuru ndo mimi, na hapa namnukuu: "Mama Shukuru, mwenye mke ndo mwenye ugonjwa wa mke. Wakininyima ugonjwa wake wameninyima yeye. Na nikiwa sina yeye, Provi namdai kwa lipi?"

Akaenda Mpanda kwa Masunga. Kamkuta dukani kwake katikati ya ndoo na nyuki wanaozurura.

"Lile deni la Mzee Kassiani, nidai mimi."

Masunga ni mtu wa utani, kifua mbele. "Wewe una mizinga?"

"Sina."

"Utanilipa nini, migebuka? Niipake kwenye mkate?"

"Nina pikipiki, nina kazi, nina mikono."

"Sikia ndugu yangu. Mwenye msiba kasimama kaburini, watu wote wanasikia, kasema huyu hadaiwi. Mi nikianza kukudai, si nitaonekana tapeli? Kesho Ugalla nani ataniuzia asali? Mwambie mzee aseme yeye. Akisema neno moja tu, nitakudai mpaka ujute kuzaliwa."

"Utanidai kweli?"

"Nitakudai mpaka kanisani!"

Ubaldo akamshukuru. Masunga alikuja kumwambia mama kwamba katika maisha yake hajawahi kushukuriwa vile.

Miezi ikapita. Ubaldo alikuwa anatuma hela ya Provi kwa Bi Kalista, hiyo haikurudishwa, bibi alikuwa anaipokea kimya kimya bila mzee kujua. Lakini kumuona mtoto, hapana. Alienda mara moja, mzee akamkaribisha uani, akampa maji, akamuuliza, "Samaki wapo?" Provi akawa ameshapelekwa shamba na shangazi yake. Kakaa kakaa mpaka jua likamchosha, kaondoka.

Kiangazi kikawa kikali mwaka huu. Moto ukaingia mapori ya Ugalla, sijui wawindaji, sijui wachoma mkaa, kila mtu anamtaja mwenzake. Mizinga ya Mzee Kassiani mingi ikaungua juu ya miti, na iliyopona nyuki wakahama kwa moshi. Mzee alikaa porini kambi ya kurina asali na wenzake, akarudi na asali ya kulamba tu. Masunga alikwenda na gari kubeba ndoo zake akakuta hakuna ndoo.

Siku hiyo sisi hatukuwepo huko, ila siku Masunga aliyokuja hapa tulikuwepo.

Ilikuwa saa ya chapati, wateja wamejaa. Gari la Masunga likafunga breki mpaka vumbi likaingia kwenye chai. Akashuka, kachukia, jasho linamtoka.

"Yuko wapi Ubaldo?"

"Niko hapa."

"Wewe bwana! Nakudai! Misimu miwili ya asali! Mke wako katibiwa kwa hela yangu, we umekaa hapa unauza samaki roho nyeupe!"

Kuna dereva wa lori alikuwa na chapati mdomoni hakutafuna. Mi nikasubiri Ubaldo ajitetee. Yeye akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni, pole pole.

"Umesema mke wangu."

"Ndio, mke wako! Unataka kumkana sasa hivi?"

"Nani kakwambia?"

"Baba mkwe wako! Nimemkuta kakaa kwenye majivu ya mizinga yake. Nikamwambia mzee, nitafanyaje? Yule mama, Bi Kalista, akatoka jikoni na mwiko, akamwambia, mtaje, mzee, mtaje. Mzee akasema, nenda Sitalike, kamuone mkwe wangu."

"Rudia."

"Nirudie nini? We unanichezea?"

"Rudia alivyosema."

"Kamuone mkwe wangu! Kamuone mkwe wangu! Umeridhika? Sasa hela!"

Ubaldo akakaa kwenye benchi la mama. Akainama, mabega yakawa yanatikisika. Masunga mwenyewe akachanganyikiwa, akaniangalia mimi, "Huyu analia au anacheka?" Mi nikamwambia sijui, na kweli nilikuwa sijui.

Hela hakuwa nayo. Alikuwa na akiba kidogo, akaitoa. Kwa iliyobaki akatoa pikipiki. Mama akamvuta pembeni, "Baba Provi, ukitoa hiyo Karema utaenda na nini? Utakula nini?" Akasema, "Nitajua mbele." Masunga akaikagua, akapiga teke tairi, akasema inafuta msimu mmoja tu na ni kwa sababu ana huruma. Msimu wa pili bado anadaiwa. Wakaelewana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

Masunga alikuwa na kijana wake wa kuendesha gari, kwa hiyo pikipiki akaiendesha yeye mwenyewe. Kabla hajaiwasha Ubaldo akamuuliza, "Unarudi Ugalla lini?"

"Leo. Lazima nimpe mzee majibu."

"Nipakie."

Mnaelewa? Mtu kapakiwa nyuma ya pikipiki yake mwenyewe! Pale ambapo huwa anafunga tenga ndo kakaa yeye, kashika kiuno cha anayemdai. Bodaboda walipiga honi wote, wengine wanacheka. Hakugeuka.

Alirudi baada ya siku kadhaa, kapewa lifti na lori la mbao, anatembea kutoka stendi na mfuko wa rambo mkononi. Peke yake. Mama akaacha chapati inaungua.

"Mtoto yuko wapi?"

"Kwa babu yake."

"Wamekunyima tena?"

"Nimelala naye siku zote nilizokaa. Nimepelekwa kaburini, nimepalilia mwenyewe. Mzee kanikalisha kwenye benchi la ukoo." Akavuta pumzi. "Ila kasema Provi hatoki mpaka nimalize mahari. Sasa anaitaka."

"Si alisema ya mtu wa kaburini haipokei?"

"Sasa anaitaka. Kapandisha na kidogo, kwa ajili ya mizinga."

Mama akakasirika, akamuita mzee majina ambayo siwezi kuyaandika. Ubaldo akamwambia, "Usimtukane. Huyo mzee kaungua kila kitu kwa ajili ya mke wangu."

Siku hizi anaenda Karema kwa basi, akipata nauli. Akikosa ananunua kwa wenzake, anaongeza kidogo, faida haionekani. Meza yake imepungua, kuna siku ni dagaa tu. Masunga anapiga simu kila mwisho wa mwezi, anagomba kweli kweli, kama alivyoahidi. Msimu wa asali uliobaki haujalipwa. Mahari haijaguswa. Usiku mama husema hesabu ile haifiki popote, hata akiuza samaki wa ziwa zima.

Jumapili Bi Kalista anapiga, anampa Provi simu. Ubaldo anaweka spika kwa sababu mikono ina magamba, kwa hiyo wote tunasikia.

"Baba, umeshamaliza?"

"Bado kidogo, mama."

"Kidogo kama nini?"

Ubaldo anaangalia barabara. Anasema, "Kula vizuri huko. Msalimie babu." Alafu anashika dagaa, anaanza kuwapanga upya pale mezani, mmoja mmoja, wakati walikuwa wameshapangwa.